Tamko Namba 1081: Mamlaka ya Sheria ya Kijeshi ya Ufilipino Yalitoka Wapi

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1972, askari walifika katika hoteli ya Hilton jijini Manila, ambako Seneta Benigno Aquino alikuwa katika kikao cha kamati ya wabunge kuhusu ushuru wa forodha, wakamchukua. Seneta José Diokno alikamatwa saa hizohizo. Kulipokucha magazeti hayakutoka na vituo vya redio vilikuwa kimya, na ilipofika jioni Rais Ferdinand Marcos alitokea kwenye televisheni kulieleza taifa kwamba visiwa vyote vya Ufilipino vilikuwa chini ya sheria ya kijeshi kwa mujibu wa Tamko Namba 1081, lililobeba tarehe ya 21 Septemba.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya tamaa ya mtu mmoja aliyekuwa anamalizia muhula wake wa pili na wa mwisho, asitake kuondoka. Usimulizi huo si wa uongo, lakini unaacha kando jambo ambalo kwa mtu anayefuatilia sheria ndilo zito zaidi: ili kulitangaza tamko lile, Marcos hakulazimika kubadilisha hata neno moja la Katiba. Alikuwa mwanasheria, tena aliyeongoza mtihani wa uwakili wa mwaka 1939, na alitaja kwa usahihi kifungu alichokitegemea, yaani Ibara ya VII, kifungu cha 10, aya ya 2 ya Katiba ya 1935. Maneno hayo yalikuwa yakimngoja. Uchambuzi huu unauliza yaliandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na ni kitu gani kilichopotea njiani kabla hayajamfikia yeye.

Kwanza istilahi, kwa sababu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huchanganya mambo mawili. Sisi tunaifahamu zaidi hali ya hatari. Gavana Evelyn Baring alipoitangaza Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, alitumia Amri ya Mfalme katika Baraza ya mwaka 1939 iliyompa gavana wa koloni uwezo wa kutunga kanuni za dharura. Kanuni hizo zilikuwa kali kupita kiasi, lakini kinadharia zilikuwa sheria ndogo zilizotungwa chini ya sheria kubwa. Sheria ya kijeshi ni kitu kingine. Katika mapokeo ya Kiingereza, ambayo Wamarekani waliyarithi, haikuwa sheria iliyoandikwa popote, bali ilikuwa jina la hali: vita vimefika mlangoni, mahakama zimefungwa kwa sababu haziwezi kukaa, na jeshi linashika utawala kwa kuwa hakuna mwingine wa kuushika. Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hilo waziwazi mwaka 1866 katika kesi ya Milligan, iliposhikilia kwamba raia hawezi kushtakiwa mbele ya kamati ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kawaida ziko wazi na zinafanya kazi. Kwa mapokeo hayo, hakuna kiongozi anayekabidhiwa sheria ya kijeshi kama chombo cha kazi. Inazuka na haja, na haja ikiisha nayo inakwisha. Ufilipino ilipata kitu tofauti kabisa, yaani sheria ya kijeshi iliyoandikwa katika hati kuu ya nchi kuwa mamlaka ya mtu mmoja.

Mtu angeweza kudhani chanzo ni Wahispania, na kweli wao walikuwa na utaratibu wao. Uasi wa Katipunan, chama cha siri cha kupigania uhuru, ulipozuka, Gavana Mkuu Ramón Blanco alitangaza hali ya vita katika majimbo manane ya Luzon tarehe 30 Agosti 1896. Hata hivyo mapokeo hayo ya kisheria yalikatika pale Hispania ilipovikabidhi visiwa kwa Marekani kwa Mkataba wa Paris wa tarehe 10 Desemba 1898. Naye Jenerali Arthur MacArthur, aliyetangaza sheria ya kijeshi tarehe 20 Desemba 1900 ili kuwabana waliokuwa wakiwasaidia wapiganaji wa msituni, alifanya hivyo kama kamanda wa jeshi linaloikalia nchi, na mamlaka yake yalikuwa ya upanga. Mzizi tunaoutafuta unaanzia pale upanga uliporudishwa alani na utawala wa kiraia ukaanza kujitungia sheria.

Sheria ya Bunge la Marekani ya tarehe 1 Julai 1902, iliyokuwa kama katiba ya kwanza ya koloni, haikutaja sheria ya kijeshi. Ilichoruhusu katika kifungu chake cha 5 ni kusimamisha haki ya hati ya habeas corpus, ile hati inayomlazimisha mlinzi wa gereza kumleta mfungwa mbele ya jaji na kueleza sababu ya kumshikilia. Haki hiyo ingeweza kusimamishwa penye uasi, maasi au uvamizi, na mwenye uwezo huo alikuwa Rais wa Marekani, au Gavana akiwa ameidhinishwa na Tume ya Ufilipino, chombo cha kutunga sheria cha koloni. Gavana peke yake hakutosha. Ni idhini ya kikoloni kwa kikoloni, nakubali, lakini angalau saini zilihitajika zaidi ya moja.

Miaka mitatu baadaye kifungu hicho kilipata jaribio lake. Tarehe 31 Januari 1905 haki ya habeas corpus ilisimamishwa katika majimbo ya Cavite na Batangas, kwa maelezo kwamba magenge yenye silaha yalikuwa yakiwatisha wananchi na kwamba uasi wa wazi ulikuwapo. Felix Barcelon, aliyekuwa kizuizini Batangas mikononi mwa maofisa wa Konstabulari, yaani polisi wenye silaha wa koloni, alikwenda Mahakama ya Juu akidai kwamba hakukuwa na uasi wowote, mahakama zilikuwa wazi na maisha yaliendelea. Hoja yake ilikuwa ya ukweli wa mambo. Mahakama ikakataa hata kuutazama ukweli huo. Katika hukumu ya tarehe 30 Septemba 1905, Jaji Johnson aliandika kwa niaba ya wengi kwamba kuwapo au kutokuwapo kwa uasi ni jambo la watawala kuamua, kwa sababu wao ndio wenye maofisa kila pembe ya visiwa na wenye kupata habari ambazo jaji hazipati, na wakishaamua, uamuzi wao unayafunga matawi mengine ya serikali. Jaji Willard hakukubaliana naye. Hukumu hiyo ya Barcelon dhidi ya Baker ilitolewa na mahakama ya koloni kuhusu gavana wa koloni, lakini ilikuja kutawala fikra za majaji wa Ufilipino kwa zaidi ya miaka 60.

Sheria ya kijeshi yenyewe iliingia mwaka 1916, na iliingia ikitokea mahali ambapo wengi hawapatarajii, yaani Hawaii. Mwaka 1893 kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa lilimpindua Malkia Liliuokalani, na mwaka uliofuata likaunda Jamhuri ya Hawaii, ambayo katiba yake ilimpa rais uwezo wa kusimamisha habeas corpus na kuiweka nchi chini ya sheria ya kijeshi. Uwezo huo haukukaa bure. Wafuasi wa malkia walipojaribu kuirudisha enzi yake Januari 1895, sheria ya kijeshi ilitangazwa na malkia mwenyewe akahukumiwa na kamati ya kijeshi. Kwa maneno mengine, kifungu hiki kilitungwa na walio wachache ili kuwadhibiti walio wengi. Marekani ilipoitwaa Hawaii na kuitungia sheria ya utawala mwaka 1900, kifungu kilihamia katika ibara ya 67: gavana angeweza, penye uasi, uvamizi au hatari iliyo karibu ya hayo, usalama wa umma unapodai, kusimamisha habeas corpus au kutangaza sheria ya kijeshi, mpaka mawasiliano na Rais wa Marekani yapatikane na uamuzi wake ujulikane.

Maneno hayohayo, karibu neno kwa neno, yalipandishwa meli kwenda Manila katika Sheria ya Jones, sheria mpya ya Bunge la Marekani kuhusu utawala wa Ufilipino, ya tarehe 29 Agosti 1916, kifungu cha 21, na mwaka uliofuata Puerto Rico nayo ikapewa yake. Inafaa kutazama kwa makini kilichobadilika Ufilipino. Sharti la 1902 la kupata idhini ya Tume liliondoka, na Gavana Mkuu sasa aliweza kutenda peke yake. Maneno "hatari iliyo karibu" yaliingia, kiasi kwamba uasi haukuhitaji tena kuwapo, ilitosha uwe unanukia. Na juu ya kusimamisha habeas corpus likaongezwa jambo zito zaidi, kuviweka visiwa vyote au sehemu yake chini ya sheria ya kijeshi. Kilichobaki cha kumzuia mtawala kilikuwa kimoja tu, kwamba Gavana Mkuu ampe taarifa Rais wa Marekani mara moja pamoja na maelezo ya mambo yalivyo, naye Rais awe na uwezo wa kuibadilisha au kuifuta hatua hiyo. Mamlaka yalikuwa kama mbwa mkali aliyefungwa kamba ndefu, na ncha ya kamba ilishikwa Washington.

Bunge la Katiba lilipokutana Manila kuanzia mwaka 1934 kuandaa katiba ya nchi iliyoahidiwa uhuru, wajumbe walikuwa na nafasi ya kuamua ncha hiyo ya kamba ishikwe na nani sasa. Jibu lililoingia katika Ibara ya VII ni kwamba isishikwe na mtu. Rais wa Ufilipino alichukua mahali pa Gavana Mkuu, sharti la kutoa taarifa kwa mkubwa wa ng'ambo likaondolewa, jambo ambalo ni la haki kabisa kwa taifa linalojitegemea, ila hakuna aliyewekwa badala yake: Bunge halikupewa kura, mahakama hazikutajwa, wala muda wa ukomo haukuandikwa. Lipo hata pengo la uandishi ambalo mawakili walilirudia kwa miaka mingi. Katika sura ya haki za raia, wajumbe walikataa kuweka maneno "hatari iliyo karibu" miongoni mwa sababu za kusimamisha habeas corpus, lakini katika ibara ya madaraka ya Rais maneno hayohayo yalibaki. Katiba moja ikawa na milango miwili, mmoja umefungwa na mwingine uko wazi.

Siwalaumu wajumbe kwa ubaya wa nia. Wengi wao walikuwa wanasheria waliosomea na kufanya kazi chini ya mfumo wa gavana mwenye nguvu, na kwao serikali maana yake ilikuwa hiyo. José Laurel, aliyeiongoza kamati ya haki za raia katika Bunge hilo, anaonyesha jinsi kundi hilo lilivyokuwa dogo na nyuzi zake zilivyosokotana. Mwaka 1940, akiwa jaji wa Mahakama ya Juu, ni yeye aliyeandika hukumu ya kumwachia huru kijana Ferdinand Marcos, aliyekuwa amepatikana na hatia ya kumuua Julio Nalundasan, mpinzani wa kisiasa wa baba yake. Na mwaka 1944, akiwa Rais wa jamhuri iliyosimamishwa na Wajapani chini ya katiba yake ya 1943, ni Laurel aliyetangaza sheria ya kijeshi nchini Ufilipino, kwa tamko lenye tarehe ya 21 Septemba.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipata nafasi ya kukieleza kifungu cha Hawaii mara moja, tena kwa kuchelewa. Baada ya shambulio la Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, gavana wa Hawaii alitangaza sheria ya kijeshi iliyodumu hadi Oktoba 1944, na raia walihukumiwa na mahakama za kijeshi hata kwa makosa madogo. Tarehe 25 Februari 1946, katika kesi ya Duncan dhidi ya Kahanamoku, mahakama hiyo ilisema kwamba maneno "sheria ya kijeshi" katika sheria ya 1900 hayakukusudiwa kuziondoa mahakama za kiraia na kuweka za kijeshi mahali pake. Ufilipino ilipata uhuru wake tarehe 4 Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo kifungu ndugu kilifungwa breki huko kilikotoka miezi minne tu kabla ya Manila kukichukua moja kwa moja, bila breki yoyote.

Katika jamhuri huru, fikra ya Barcelon iliendelea kuishi. Rais Elpidio Quirino alisimamisha habeas corpus mwaka 1950 katika vita dhidi ya Wahuk, waasi wa kikomunisti wa mashambani, na mwaka 1952, katika kesi ya Montenegro dhidi ya Castañeda, Mahakama ya Juu ilirudia kwamba uamuzi wa Rais hauhojiwi. Badiliko lilikuja mwaka 1971. Tarehe 21 Agosti mwaka huo mabomu ya mkono yalirushwa kwenye mkutano wa hadhara wa chama cha Liberal pale Plaza Miranda, watu tisa wakauawa, na Marcos akasimamisha habeas corpus usiku huohuo. Katika kesi ya Lansang dhidi ya Garcia, iliyoamuliwa tarehe 11 Desemba 1971, majaji waliitupa hukumu ya Barcelon pamoja na ya Montenegro na kusema kwamba mahakama inao uwezo wa kuchunguza kama sababu za Rais zipo kweli. Wakaongeza kwamba watakachopima ni kama Rais ametenda kiholela, si kama yuko sahihi, na baada ya kusikiliza maelezo ya wanajeshi faraghani wakaona hakutenda kiholela, kwani uasi wa kikomunisti ulikuwapo.

Ushindi huo wa kanuni ulikuwa na sumu ndani yake. Tamko Namba 1081 la miezi tisa baadaye linazinukuu sehemu za hukumu ya Lansang kuthibitisha kwamba uasi upo. Mahakama iliyokuwa imejipa uwezo wa kumhoji Rais ilikuta imemwandikia ushahidi wake mapema. Kisha zikafuata Amri za Jumla: ya kwanza ikisema kwamba Rais ataitawala nchi nzima mwenyewe kama amiri jeshi mkuu, nyingine zikiagiza watu kukamatwa, na ya nane ikiruhusu kuundwa kwa kamati za kijeshi za kuhukumu kesi. Hapakuwa na chombo chochote nje ya Ikulu ambacho Katiba ilimtaka Rais akipe taarifa, ilhali kwa sheria ya 1916 hata gavana Mmarekani alitakiwa kujieleza kwa Rais wa Marekani. Kwa upande huu, mkuu wa nchi huru alikuwa na uhuru zaidi dhidi ya raia wake kuliko mkoloni aliyemtangulia.

Yaliyofuata mahakamani yanasikitisha kuyasoma. Katiba mpya ilidaiwa kuridhiwa na mabaraza ya wananchi yaliyokutana Januari 1973, na tarehe 31 Machi mwaka huo, katika kesi ya Javellana, majaji wengi walisema utaratibu wa kuridhia haukufuatwa kama Katiba ya 1935 ilivyotaka, na bado wakahitimisha kwamba hakuna tena kizuizi cha kimahakama kwa katiba hiyo kutumika. Katiba yenyewe ilitamka kwamba matamko na amri zote za Rais aliyeko madarakani ni sheria halali ya nchi. Kesi ya wafungwa, Aquino dhidi ya Enrile, iliamuliwa tarehe 17 Septemba 1974, karibu miaka miwili tangu wakamatwe. Diokno alikuwa amekwisha kuomba kuliondoa ombi lake, akisema hatarajii tena haki, na aliachiwa siku chache kabla ya hukumu bila kushtakiwa. Majaji hawakukubaliana hata juu ya sababu: wengine walirudi kwenye fikra ya Barcelon kwamba hilo ni swali la kisiasa, wengine walisema wanaweza kuchunguza lakini wameridhika. Wote walifika mahali pamoja, ombi likatupwa. Mwaka 1975 mahakama ilikubali pia kwamba raia anaweza kuhukumiwa na kamati ya kijeshi, na tarehe 25 Novemba 1977 kamati namba 2 ikamhukumu Aquino kifo, adhabu ambayo haikutekelezwa.

Msomaji mkali atauliza: je, maneno mengine katika karatasi yangemzuia mtu aliyeweza kufunga Bunge kwa askari? Ni swali la haki, na jibu langu si la uhakika kamili. Lakini Marcos alihangaika sana na uhalali. Alitaja vifungu, alisubiri hukumu, aliitisha kura za kuonyesha ridhaa. Mtu wa namna hiyo angelazimika kulipeleka tamko lake mbele ya Bunge, au kulivunja sharti hilo hadharani, na jeshi, majaji na Wamarekani waliokuwa na kambi zao Clark na Subic wangeliona akilivunja. Kifungu alichorithi kilimpunguzia gharama hiyo.

Sheria ya kijeshi iliondolewa kwa jina tarehe 17 Januari 1981 kwa Tamko Namba 2045, na Marcos akaondolewa na umma mwezi Februari 1986. Mwaka 1987 mahakama ilitamka, katika kesi ya Olaguer, kwamba kamati za kijeshi hazina mamlaka juu ya raia mahali ambapo mahakama za kiraia ziko wazi, jambo ambalo Milligan alikuwa ameshalipata miaka 121 nyuma. Katiba ya mwaka huo, Ibara ya VII kifungu cha 18, inasomeka kama orodha ya majeraha. Maneno "hatari iliyo karibu" yamefutwa. Tangazo lina ukomo wa siku 60. Rais anatakiwa kuripoti kwa Bunge ndani ya saa 48. Bunge linaweza kulifuta naye hawezi kulipinga. Raia yeyote anaweza kwenda Mahakama ya Juu, ambayo lazima iamue ndani ya siku 30 kama sababu za kweli zipo. Na sheria ya kijeshi haisimamishi Katiba wala haiondoi mahakama. Msomaji wa Tanzania atakumbuka ibara ya 32 ya Katiba yetu, ambayo kwa hali ya hatari inataka Bunge liitishwe ndani ya siku 14 na theluthi mbili ya wabunge waunge mkono. Ncha ya kamba, kwetu na kwao, ilikabidhiwa kwa Bunge.

Kifungu kipya kimejaribiwa. Gloria Macapagal-Arroyo alitangaza sheria ya kijeshi katika jimbo la Maguindanao Desemba 2009 na kuiondoa baada ya siku chache. Rodrigo Duterte aliitangaza kisiwani Mindanao chote tarehe 23 Mei 2017, wapiganaji walipouvamia mji wa Marawi. Mahakama iliamua ndani ya muda wake na kumkubalia. Mapigano ya Marawi yalitangazwa kuisha Oktoba mwaka huohuo, ila Katiba haikusema ni mara ngapi Bunge linaweza kuongeza muda, na mwaka 2018 mahakama ilithibitisha kwamba hakuna kikomo. Bunge liliongeza mara tatu, na sheria ya kijeshi ya Mindanao ikadumu mpaka tarehe 31 Desemba 2019.